Mbuzi ya Shangazi
Somo juu ya kazi ya fundi wa mti

Ndugu msomaji, usishtuke kwa kichwa cha somo hili. Simsemi mbuzi alaye majani. Nasema mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma na meno mbele yake, ambacho ni shida kukikosa katika jiko la Unguja. Nataka tujifunze jambo moja tu: ya kuwa katika kazi ya mti, matumizi na uzuri si mambo mawili yanayogombana, wala uzuri si nguo inayovishwa kazi iliyokwisha kumalizika. Fundi mwema huanza na matumizi, na uzuri humkuta njiani. Mimi nilijifunza hili kwa aibu, basi na tuanze na aibu hiyo.

Shangazi yangu aliolewa Chwaka, mwambao wa mashariki, kiasi cha maili 20 kutoka mjini. Kila likizo ya skuli nilipelekwa kwake. Jirani yake alikuwa fundi mzee ambaye watoto wote tulimwita Babu. Alichonga ngalawa, vinu, miiko, mbuzi, na mara moja moja mlango. Yeye alikuwa Mwislamu na mimi mtoto wa Kanisa, lakini hilo halikutuzuia kukaa pamoja chini ya mwembe wake toka asubuhi mpaka adhuhuri, maana mti haumuulizi mtu dini yake. Alinifundisha kushika tezo nisijikate mguu, kunoa patasi, na kusikiliza sauti ya mti unapogongwa.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nikajiona nimekwisha kuwa fundi. Nikaazimia kumtengenezea shangazi mbuzi mpya, maana yake ilikuwa imechakaa. Nikapata ubao wa mwembe uliopasuliwa juzi juzi. Juu ya kikalio nikachonga ua kubwa la majani manane, kama yale niliyoyaona katika milango ya mjini, na pembeni nikazungusha mnyororo. Nilichonga kwa kina ili ua lisimame. Likizo nzima iliishia hapo.

Nikampelekea Babu aitazame. Akaigeuza huku na huku, akapitisha kidole juu ya ua, kisha akauliza, "Nani ataikalia?"

"Shangazi, Babu."

"Amekukosea nini, mjukuu wangu?"

Nilikasirika, nikaondoka bila kumuaga. Shangazi aliipokea kwa furaha, akawaita majirani waje kuiona, kisha akaitundika ukutani. Nilipomuuliza mbona haitumii, akasema, "Nzuri mno kuikalia, mwanangu." Mimi nikadhani ni sifa.

Miaka mingi baadaye shangazi alifariki, nami nikaenda Chwaka kusaidia kupanga vitu vyake. Mbuzi yangu ilikuwa bado ukutani, imejaa vumbi, nayo imepasuka toka mwisho mmoja hadi wa pili, katikati ya ua. Jikoni palikuwa na ile ya zamani, kazi ya Babu, isiyo na ua hata moja. Kikalio chake kilikuwa kimebonyea kidogo katikati kama kiganja cha mkono, kimekuwa cheusi na kinang'aa kwa tui la miaka arobaini. Nikaketi juu yake. Ndipo nilipoelewa swali la Babu.

Basi na tulichukue swali lile na mengine mawili aliyozoea kuuliza kabla ya kushika shoka. Nimeona baadaye ya kuwa yanatosha kumwongoza mtu katika kazi yoyote ya mti, iwe mwiko au mlango wa jumba la mfalme.

1. NANI ATAKIGUSA, NA WAPI?

Swali la kwanza haliulizi kitu kitafananaje. Lauliza kitashikwa na nani, kwa kiungo gani, kwa muda gani.

Tazama mbuzi. Mkunaji hukaa juu yake, pengine robo saa, pengine saa nzima siku ya harusi. Basi kikalio hakina budi kuwa laini, tena chenye upana wa kutosha. Mbele, ulimi wa chuma hauna budi kunyanyuka kadiri ya bakuli au sinia kupita chini yake, wala usinyanyuke hata mabega yakachoka. Miguu hupishana na kukunjika, ili baada ya kazi mbuzi iegemezwe ukutani isichukue nafasi ya jiko. Kila kipimo hapo kimetoka katika mwili wa mtu na katika nyumba yake. Fundi akivipata vipimo hivyo sawasawa, umbo lenyewe hupendeza.

Tazama kinu. Mdomo ni mpana ili nafaka isirukie nje. Ndani hupungua kwenda chini ili kinachotwangwa kirudi katikati chini ya mchi. Kiuno hukatwa chembamba ili kinu kipungue uzito na kishikike wakati wa kukisogeza. Kitako hupanuka tena kisianguke. Mtu asiyejua kazi akikiona kinu hicho kimesimama peke yake atasema, "Umbo zuri hili." Kweli ni zuri, lakini hakuna aliyekaa akafikiri uzuri. Waliofikiri walifikiri mtama na mikono ya watwangaji.

Na sisi tuliokaa Chwaka twaijua ngalawa. Mtumbwi wake huchongwa katika gogo moja, mara nyingi mwembe, na ubavuni hutiwa miti miwili ya kuuzuia usipinduke. Omo hukatwa kwa ukali ili upasue maji. Ukisimama pwani jioni maji yanapojaa, ukaona ngalawa zikirudi kutoka upande wa Michamvi, hutasema kuna kilichosahauliwa kupambwa. Mstari wa omo ni pambo tosha, na mstari huo ulichongwa kwa ajili ya bahari.

Hata kiti cha enzi cha mwambao, kile cha mpingo kilichofanywa zamani Lamu na miji jirani, chafundisha hayo hayo. Kina mgongo mrefu ulionyooka, mikono mipana, na mahali pa kuwekea miguu. Huwezi kukilalia, chakulazimisha uketi wima kama mtu wa heshima, na heshima ndiyo kazi yake, kwa kuwa aliwekewa mgeni mkubwa. Mapambo yake ya pembe au mfupa hayakusimama juu ya mti yakamchoma mgeni. Yalilazwa ndani ya mti, sawa na uso wake, hata nguo ya hariri ipite bila kukwama.

2. NI MTI GANI, NAO UNATAKA NINI?

Kosa langu la pili, baada ya kuchonga ua mahali pa kukalia, lilikuwa kuchonga mti mbichi. Mti uliokatwa leo umejaa maji. Maji yakitoka mti hunywea, lakini haunywei sawa pande zote: kwa urefu hunywea kidogo mno, kwa upana hunywea sana. Tena ncha zake hukauka upesi kuliko katikati. Ndiyo sababu gogo likiachwa juani hupasuka kuanzia nchani. Babu alizipaka ncha mafuta mazito, akauweka mti kivulini juu ya vijiti ili upepo upite chini, akausahau. Mafundi wengi huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wa ubao. Mimi sikungoja hata mwezi. Mpasuko wa ua langu ulikuwa umekwisha kuandikwa ndani ya ubao kabla sijashika patasi.

Kisha kila mti una tabia yake, na fundi huichagua kama mtu achaguavyo mwenzi wa safari. Mvule na msaji huvumilia mchwa na mvua, hufaa milango. Lakini unga wa mvule huwasha pua na macho, fundi ajihadhari. Mfenesi una rangi ya manjano inayokolea kwa miaka, huchongeka vizuri, nao umetumika Unguja kwa milango na samani. Mwembe ni mwepesi kuchongwa na hupatikana kwa wingi, lakini wadudu huupenda, basi yafaa ukaushwe vema na kupakwa mafuta. Mtondoo hutafutwa na waunda vyombo. Katika mikoko ya Ghuba ya Chwaka, mlilana umetoa mataruma ya vyombo kwa kuwa matawi yake hupinda yenyewe. Fundi hakulazimisha mti kupinda, alitafuta uliopinda tayari.

Hili ni somo kubwa, nami naomba msomaji alitie moyoni. Mchongaji mchanga huja na sura kichwani akautaka mti uitii. Mchongaji mzima huangalia kwanza nyuzi za mti zinakwenda wapi. Mwiko ukichongwa nyuzi zikafuata mpini hadi kichwani, utadumu. Ukichongwa kwa kukata nyuzi hizo, utavunjika shingoni siku ya pilau, mbele ya wageni.

Mti waweza hata kuamua nyumba itakuwaje. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, na wageni huuliza sababu. Sababu ni boriti. Dari iliwekwa juu ya boriti za mikoko, na boriti hizo hazina urefu wa kuvuka zaidi ya kiasi cha mita 3. Mwashi akajenga kadiri mti ulivyomruhusu. Leo twauita mtindo huo uzuri wa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini upana wa chumba ulipimwa na mti wa pwani.

3. PAMBO LIKAE WAPI?

Hapa mtu aweza kudhani nasema mapambo ni dhambi. La, hasha. Babu mwenyewe alipenda kuchonga maua. Ila aliuliza pambo likae wapi, na mwalimu wetu bora wa swali hili ni mlango wa Unguja.

Simama siku moja mbele ya mlango wa zamani, mjini, uutazame polepole. Mbao zenyewe mbili, zile zinazofunguka, ni nene na mara nyingi ni tupu, ila misumari mikubwa ya shaba iliyopangwa safu safu. Mbao hizi ndizo zinazosukumwa, zinazogongwa, zinazozuia mwizi. Hazikuchongwa kwa kina kwa sababu kuchonga ni kupunguza unene, na kupunguza unene ni kupunguza nguvu. Misumari ile husemwa asili yake ni Bara Hindi, ambako iliwekwa kuzuia tembo. Hapa kwetu hakuna tembo wa kusukuma milango, lakini misumari iliunga mbao na vipande vya nyuma, kisha ikawa fahari ya mwenye nyumba.

Mapambo yako wapi basi? Yako katika miimo, yaani miti ya pembeni isiyotembea. Yako juu, katika kizingiti cha juu, mahali ambapo hakuna mkono wala bega linalofika. Na yako katika mfaa, ule mti wa katikati. Mfaa una kazi: hufunika ufa wa pale mbao mbili zinapokutana, mtu asichungulie wala upepo usipite. Kwa kuwa umewekwa juu ya ubao kama nyongeza, waweza kuchongwa bila kuudhoofisha mlango. Waona jinsi fundi yule alivyofikiri? Aligawa mlango katika sehemu za kufanya kazi ngumu na sehemu za kusema, naye akachonga zile za kusema.

Na kweli zinasema. Katika milango ya zamani yenye kizingiti kilichonyooka, na ile ya baadaye, ya mwisho wa karne ya 19, yenye upinde juu kwa mtindo wa Kihindi, utakuta maua, mawimbi, minyororo, samaki, majani ya mtende. Watu hueleza kuwa mtende ni wingi wa riziki, samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi wa nyumba. Wengine hueleza vingine, nasi hatuna haja ya kugombana. Juu ya milango mingi yameandikwa maneno ya Kurani, na milango mikubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, imejulikana sana kwa kazi hiyo. Maneno yamewekwa juu ili aingiaye apite chini yake. Hata mahali pa pambo pana maana.

Kasha nalo lafuata kanuni hiyo. Mabamba ya shaba hayakutawanywa ovyo: yako pembeni, penye maungio, na kuzunguka kufuli, ambako kasha huumia likibebwa kutoka chomboni. Shaba ilikuja kulinda mti, ikabaki kuupamba.

Sasa irudie mbuzi yangu. Nilichonga ua mahali pekee ambapo halikupaswa kuwako. Ningeweza kuchonga ubavuni, au chini ya kikalio, au katika miguu. Nilichagua mahali pa kuonekana, si mahali pa kufaa, kwa kuwa nilitaka shangazi auone ustadi wangu kila akikuna nazi. Haya ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu, ndugu msomaji, nami siyafichi. Pambo lile halikuwa la shangazi, lilikuwa langu.

4. NA KILE KISICHOKALIWA?

Labda msomaji atauliza: Je, vitu vya kutazamwa tu, visivyokaliwa wala kutwangiwa, vina kazi gani? Sanamu je? Msalaba ukutani je?

Tujibu kwa mfano tulio nao karibu. Katika Kanisa Kuu letu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, upo msalaba wa mti. Hauna mapambo mengi. Lakini mti wake ulitoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, katika mti ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, aliyefariki Mei 1873. Wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walimzika moyo pale, kisha wakauchukua mwili kwa miguu hadi Bagamoyo. Kabla ya kuondoka, Jacob Wainwright, mmoja wao, alichonga maandishi katika shina la mti ule ili mahali pasipotee.

Fikiri juu ya mchongaji yule. Alikuwa na kisu na gome la mti, mbali na kwao, na wenzake wamechoka. Hakuchonga ua. Alichonga jina na siku, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi ya mti ule siku ile: kukumbusha. Na msalaba uliofanywa baadaye kwa mti huo una kazi hiyo hiyo. Basi kitu cha kutazamwa nacho kina kazi. Swali la Babu hubadilika kidogo tu: badala ya "nani ataikalia?" twauliza "nani ataitazama, naye atakumbuka nini?" Sanamu isiyoweza kujibiwa swali hilo ni kama mbuzi yangu ukutani.

Wamakonde nao, ambao vinyago vyao vya mpingo vimeenea duniani, wana vinyago vya uso viitwavyo mapiko, vilivyochongwa ili vivaliwe na kuchezwa ngomani. Mchongaji wa mapiko alipaswa kuujua uso wa mchezaji, pumzi yake na macho yake. Kinyago kilitisha au kuchekesha kwa kuwa kilitembea. Kikitundikwa ukutani wa nyumba ya kumbukumbu bado ni kizuri, lakini kimenyamaza.

Na tusisahau hadithi inayosimuliwa sana katika kanisa lile lile: kwamba nguzo za karibu na mlango wa magharibi zilisimamishwa juu chini wakati Askofu Steere hayupo, kwa kuwa mafundi hawakuwa wamezijua nguzo za namna ile. Wageni hucheka. Mimi huona huruma. Mafundi wale walikuwa na nguvu na bidii. Hawakuelezwa tu kitu kile ni cha nini na kinasimamaje. Ustadi wa mkono hauwezi kujaza pengo la swali lisiloulizwa.

5. HATARI YA SIKU ZETU

Siku hizi mahali pengi pa Unguja, mjini hata pwani ya mashariki, vijana huchonga kwa ajili ya watalii. Twiga, sura za watu, bakuli, milango midogo ya kutia mfukoni. Siwalaumu, fedha hizo hununua unga na daftari za skuli. Kule Ukambani, Kenya, inajulikana jinsi Mutisya Munge alivyojifunza uchongaji wa namna hiyo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaurudisha kwao Wamunyu, na nyumba nyingi zikapata riziki kwa kazi hiyo mpaka leo. Riziki ya halali si jambo la kudharau.

Lakini nina mashaka mawili. La kwanza: anayechonga vitu mia vinavyofanana kwa mtu asiyemjua huacha polepole kuuliza nani atakigusa. Bakuli huchongwa bila kujali kama litatia supu bila kuvuja. Kijiko huchongwa kinene hata hakiingii mdomoni. Mgeni naye ana mdomo na mkono kama shangazi yangu. Kijana akimchongea kijiko kinacholika, chenye nakshi mwisho wa mpini ambako kidole hakisuguliwi, mgeni atakitumia kwake mwaka baada ya mwaka. Kile kisichofaa kitawekwa rafuni, kisha kitatupwa.

La pili ni miti yenyewe. Mpingo huchukua kiasi cha miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kufaa; kinyago huchukua siku chache. Hesabu hiyo haiwezi kulingana. Huko Kenya wachongaji walipoona miti yao mizuri inakwisha, walihimizwa kugeukia mwarobaini na mwembe, miti inayoota upesi karibu na nyumba, na wengi wamefaulu. Kwetu, mwaka 2004 msitu wa Jozani na Ghuba ya Chwaka vilifanywa hifadhi ya taifa, na mikoko hairuhusiwi kukatwa ovyo. Mafundi wengine walinung'unika. Lakini fundi ndiye wa kwanza kupata hasara mti ukiisha, maana mnunuzi atanunua plastiki, na fundi atanunua nini?

Na milango ya zamani je? Mingi imeng'olewa ikauzwa mbali. Mlango ulipimwa kwa ukuta wake, kwa njia yake, kwa bega la mwenyeji wake. Ukisimamishwa sebuleni kwa mtu ng'ambo, haufunguki kwenda popote. Aliyeununua amepata miimo na mfaa, lakini hakupata mlango.

6. MBUZI YA PILI

Nimalizie nilikoanzia. Baada ya msiba, binti wa shangazi aliniambia, "Kaka, ile ya mama imelegea miguu. Nitengenezee nyingine." Babu alikuwa amekwisha kufariki. Nikaenda nyuma ya nyumba yake, wanawe wakanipa ubao wa mfenesi uliokuwa umelala kivulini kwa miaka, hakuna aliyejua mingapi. Niliugonga, ukalia kama kengele ndogo.

Kabla ya kukata nilimwomba dada yangu akae juu ya mbuzi ya zamani akune nazi moja, nami nikapima: urefu toka sakafuni, umbali wa goti hadi meno ya chuma, nafasi ya bakuli. Kikalio nikakichimba kidogo tu, kama kiganja, kufuata kilichochongwa na miaka arobaini ya mamaye. Nikakisugua kwa msasa, si wa dukani, bali majani makavu ya mti uitwao msasa, kama Babu alivyonifundisha. Nao wa dukani umepata jina kwa huo. Kisha nikapaka mafuta ya nazi.

Ua nalichonga, moja, dogo, la majani manane. Nililiweka ubavuni, chini ya ukingo, pale vidole vinapopita mtu anapoikunja mbuzi na kuiegemeza ukutani. Haliwezi kuonekana mtu akikaa. Dada aliligundua baada ya siku tatu, kwa kidole, gizani, umeme ulipokatika.

Nilipokwenda Chwaka mara ya mwisho nililitazama ua lile. Limejaa tui na masizi hata majani yake hayahesabiki tena. Sijapata kufurahi hivyo kwa kazi yangu yoyote.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA KIKUNDI

1. Chagua kitu kimoja cha mti nyumbani mwako. Ni sehemu gani zake zimesuguliwa kwa kutumika? Zinatueleza nini juu ya mtu anayekitumia?

2. Tafuta mlango mmoja wa zamani karibu nawe. Onyesha mwimo, mfaa na kizingiti cha juu. Kwa nini nakshi zimewekwa pale zilipo?

3. Je, umepata kumfanyia mtu jambo jema ambalo kwa kweli ulilifanya ili uonekane? Lingefanywaje kama ungeanza na haja yake?

4. Katika mtaa au kijiji chenu kuna fundi mzee wa mti? Nani anajifunza kwake? Na ni miti gani imepandwa mwaka huu kwa ajili ya mafundi watakaokuja baada yake?